Kilimia, na Jinsi ya Kupiga Picha Yake

Kundi dogo la nyota liitwalo Kilimia lajulikana pwani yote, na jina lake latokana na kazi ya kulima. Wazulu wa Afrika Kusini huliita isiLimela, neno la shina lile lile. Kwa hiyo yaonekana ya kwamba jina ni la kale sana, nalo lilisafiri pamoja na watu na majembe yao. Waarabu huliita Thuraya, na manahodha walioleta majahazi kwa upepo wa kaskazi walilijua kwa jina hilo. Wajapani huliita Subaru. Mwanafunzi asimamaye kando ya barabara ya Bagamoyo, akiona gari la jina hilo linapita, na aitazame alama iliyo mbele yake: ni nyota sita, nazo ndizo Kilimia.

Bagamoyo ni mahali pema pa kukitazama, kwa sababu ufuo wake waelekea bahari upande wa mashariki na kaskazini. Karibu na tarehe 20 Novemba, jua likisha kutua, Kilimia huchomoza baharini upande wa Unguja, hukaa mbinguni usiku kucha, na hutua wakati wa kupambazuka. Kila siku huchomoza mapema kuliko jana kwa dakika nne hivi, na dakika hizo zikikusanywa kwa mwezi mmoja hupata saa mbili. Basi katikati ya Januari, saa mbili na nusu ya usiku, kimekwisha fika juu kabisa katika safari yake, upande wa kaskazini. Urefu wake wa wakati huo waweza kujulikana kwa hesabu tu, pasipo kutoka nje. Bagamoyo iko digrii sita na nusu hivi kusini ya ikweta. Kilimia kiko digrii 24 kaskazini ya mstari wa ikweta ya mbingu. Jumla yake ni digrii 30 na nusu. Utosi wa mbingu ni digrii 90 kutoka ukingoni. Toa 30 na nusu katika 90, itabaki 59 na nusu. Atakaye kuhakikisha na anyoshe mkono mbele, akunje ngumi, apime kutoka ukingo wa mbingu kwenda juu. Ngumi moja ni kadiri ya digrii kumi, na Kilimia kitakuwa juu ya ngumi ya sita.

Mwezi wa Mei hakionekani kabisa, maana jua liko upande ule ule, na nuru yake yakificha. Hutoweka magharibi mvua za masika zikiwa hazijaisha, huzuka mashariki alfajiri mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe. Wazee husema: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Maneno haya yamebeba mambo mawili, na sharti yatenganishwe, kwa kuwa mtu akiyachanganya aweza kupoteza mbegu zake.

Jambo la kwanza ni hesabu ya mwaka. Miezi ya Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, na kumi na miwili yake ni siku 354 tu, au 355. Kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi, na mwezi wa Ramadhani huwa mara wakati wa masika, mara wakati wa kaskazi. Mkulima hawezi kupanda kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana watu wa pwani walikuwa na hesabu nyingine, ya mwaka wa jua, wakiugawanya kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Na nyota zilikuwa shahidi wao. Kilimia hutoweka na kurudi siku zile zile kila mwaka, na katika hili mzee asiyejua kusoma hakuwa nyuma ya mtu mwenye kalenda ukutani.

Jambo la pili ni mvua yenyewe, na hapo Kilimia hakina amri. Mvua hutokana na pepo, na joto la bahari, na mvuke upandao. Mwaka ambao masika yamechelewa, Kilimia hakichelewi hata siku moja. Mtu aliyemwaga mbegu zote mchangani kwa sababu nyota imeonekana, bila kungoja udongo ulowe, aweza kukaa na ghala tupu na watoto wenye njaa. Aliye na busara hutumia nyota kujua wakati wa kufyeka shamba na kunoa jembe, kisha hungoja wingu. Kosa si la methali. Methali yasema nyota na majira huandamana; haisemi kwamba nyota huleta mvua.

Sasa na tuone jinsi ya kukitazama. Kwanza macho yapate kuzoea giza, na kazi hii huchukua muda wa nusu saa. Mtu atazamaye simu yake hata kidogo tu sharti aanze tena. Watu wengi huhesabu nyota sita. Wenye macho makali huhesabu saba, hata tisa na zaidi, kama mbingu ni nyeusi na hewa ni safi. Kuna hila moja ambayo wavuvi wa usiku huitumia pasipo kufundishwa: mtu asiikazie macho nyota hafifu, bali atazame kando yake kidogo, nayo itajitokeza. Sababu ni kwamba sehemu ya katikati ya jicho ni hodari kwa kusoma mchana, lakini gizani ile ya kando ndiyo yenye nguvu. Wanafunzi wakienda wengi, kila mmoja achore nyota alizoziona kwenye karatasi yake mwenyewe, wala asichungulie ya mwenzake. Michoro ikikusanywa baadaye, nyota zilizomo katika karatasi nyingi mahali pamoja ndizo za kweli. Na ile iliyomo katika karatasi moja tu yamkini ilichorwa na tamaa.

Darubini ndogo ya macho mawili, ile itumiwayo na watazamaji wa ndege, hubadili mambo mara moja. Sita huwa ishirini, thelathini, na zaidi. Mtaliano Galileo Galilei alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kupata mshangao huo. Mwaka 1610 alichapisha kitabu chenye mchoro wa Kilimia, na ndani yake aliweka nyota 36, ambapo jicho tupu liliona sita tu. Darubini yake ilikuwa duni kuliko nyingi zinazouzwa madukani leo. Siku hizi wataalamu wamehesabu nyota zaidi ya elfu moja ambazo ni za kundi hilo kweli, yaani zinazokwenda pamoja angani, si zile zilizo mbali nyuma yake na kuonekana hapo kwa bahati tu.

Zinakwenda pamoja kwa kuwa zilizaliwa pamoja, katika wingu moja kubwa la hewa na vumbi, zipata miaka milioni 100. Muda huo ni mrefu kwa binadamu, lakini kwa nyota ni utoto. Jua lina miaka milioni 4,600; basi kama jua ni mzee wa miaka 46, Kilimia ni mtoto wa mwaka mmoja. Hata hivyo udugu huu hautadumu. Nyota hizo zashikana kwa uzito wao wenyewe, na kamba hiyo ni dhaifu. Baada ya miaka milioni mia kadhaa zitakuwa zimetawanyika. Umbali wake ni wa kiasi cha miaka 440 ya mwendo wa nuru. Nuru iingiayo katika jicho la mtu ufuoni Bagamoyo leo ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu ya Mombasa, mwaka 1593. Walakini msikiti wa kale wa Kaole, ulio mwendo mfupi kusini ya mji, ulikuwa umekwisha kusimama zamani.

Kupiga picha ya nyota si sawa na kupiga picha ya mtu. Jicho la mtu halikusanyi nuru. Kiasi kionekanacho katika nukta hii hakiongezwi juu ya kile cha nukta iliyopita. Kamera hukusanya, kama mtungi uwekwao chini ya bomba litonalo tone tone. Ndugu wawili wa Kifaransa, Paul na Prosper Henry, walionyesha nguvu ya jambo hili huko Paris mwaka 1885. Katika picha yao ya Kilimia palitokea ukungu karibu na nyota iitwayo Maia, ukungu ambao watu walikuwa hawajauona kwa darubini zao mpaka siku ile. Leo yajulikana ya kwamba ni vumbi jembamba sana, ambalo Kilimia kinapita kati yake, nalo huakisi nuru ya nyota zile kwa rangi ya buluu. Basi kamera ilionyesha kilichokuwako, ambacho macho yalikuwa hayajakiona.

Kamera yoyote ile ambayo jicho lake laweza kuachwa wazi kwa sekunde kadhaa yafaa, hata zile za simu zilizo bora. Sharti iwekwe juu ya kitu imara, chenye miguu mitatu au mfuko wa mchanga, wala isibonyezwe kwa kidole, maana kidole huitikisa. Afadhali itumiwe saa ya kamera yenyewe, ihesabu sekunde mbili kisha ijipige. Lenzi ielekezwe kwanza kwenye nyota kali, na kurekebishwa kwa mkono mpaka nyota hiyo iwe ndogo kama ncha ya sindano. Nusu ya picha mbaya za nyota huharibika hapo. Lenzi ya milimita 50 huchora nyota kubwa za Kilimia katika upana wa milimita moja tu ndani ya kamera. Ya milimita 200 huchora karibu milimita nne. Kwa hiyo kila mtu hutamani lenzi ndefu.

Lakini dunia inazunguka. Kamera iliyosimama juu ya ufuo yazunguka pamoja na ufuo, na nyota katika picha huacha mkia. Kwa lenzi ya milimita 50, sekunde tano ni karibu na mwisho; kwa ile ya milimita 200 hata sekunde mbili ni nyingi. Katika sekunde mbili mtungi haujai. Njia ya kwanza ya kushinda taabu hii ni kupiga picha nyingi fupi, kumi au mia, na kuziagiza kompyuta izipange nyota juu ya nyota na kuzijumlisha. Programu za kazi hii ziko ambazo hazitozi hata senti. Chembechembe chafu zilizomo katika kila picha hazifanani, kwa hiyo hufifishana, lakini nyota hufanana daima, kwa hiyo hukaa. Picha nne hupunguza uchafu huo hata nusu. Picha mia hupunguza hata sehemu moja ya kumi.

Njia ya pili ni bora, nayo ni kazi ya seremala. Na Bagamoyo, mji wa milango ya kuchonga, haujakosa seremala. Huchukuliwa mbao mbili za urefu wa sentimita 30, huwekwa moja juu ya nyingine, na kuunganishwa upande mmoja kwa bawaba, kama kitabu. Kamera hufungwa juu ya ubao wa juu, kwa kishikio kiwezacho kuielekeza popote. Katika ubao wa chini hutobolewa tundu, hutiwa nati, na skrubu ya unene wa milimita 6 hupenya toka chini na kuusukuma ubao wa juu. Ikizungushwa, ubao wa juu hufunguka polepole, na kamera huinama pamoja nao kuifuata mbingu.

Tundu litobolewe wapi? Hapa ndipo hesabu ya darasani ipatapo kazi. Dunia humaliza mzunguko mmoja mbele ya nyota katika dakika 1,436, si 1,440, kwa kuwa siku ya nyota ni fupi kuliko siku ya jua kwa dakika zile nne zilizotajwa juu. Skrubu ya namna hii hupanda milimita moja kwa kila mzunguko. Tukitaka izungushwe mara moja kwa dakika, yatupasa kupata duara ambalo mzingo wake ni milimita 1,436. Tugawanye 1,436 kwa mara mbili ya 3.1416, jibu ni 228 na nusu. Basi tundu liwe milimita 228 na nusu kutoka katikati ya pini ya bawaba. Seremala akikosea milimita mbili, picha za lenzi ndogo hazitamfichua, za lenzi kubwa zitamfichua. Chini ya skrubu hutiwa kisahani cha bati chenye alama 60, na mwenye kukizungusha hufuata mshale wa sekunde wa saa yake, taratibu, bila kuruka. Kwa mtu atazamaye toka chini, kisahani chazunguka kama saa. Kwa dakika kumi chombo hiki ni cha kuaminika. Kisha ubao hurudishwa chini na kazi huanza upya.

Kuna sharti moja zaidi, nalo hutofautiana mahali na mahali. Pini ya bawaba sharti ielekee ncha ya mbingu, mahali ambapo nyota zote huzunguka kama gurudumu katika ekseli. Katika vitabu vya Ulaya imeandikwa kwamba mtu aitafute nyota ya kaskazini. Bagamoyo nyota hiyo haionekani, iko chini ya bahari. Inayotumika ni ncha ya kusini, ambayo haina nyota kali, nayo iko juu ya ukingo wa kusini kwa digrii zile zile sita na nusu za mahali penyewe. Kwa hiyo bawaba hulazwa kaskazini na kusini, ikiwa upande wa magharibi wa mbao, na ule mwisho wake wa kusini huinuliwa kwa kabari. Kwa ubao wa sentimita 30 kabari ya sentimita 3 na milimita 4 hutosha. Kule Tanga, palipo karibu zaidi na ikweta, ingepungua hata sentimita 2 na milimita 7. Kusini yenyewe hupatikana mchana: fimbo husimamishwa wima mchangani, na kivuli chake kikiwa kifupi kabisa, hapo kimelala kaskazini na kusini barabara. Wakati huo si saa sita kamili, bali dakika kadhaa baadaye, na siku chache mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba njia hii haifai, maana jua hupita utosini na fimbo hukosa kivuli.

Mahali pa kusimama pachaguliwe kwa akili. Mwanga wa Dar es Salaam, ulio kilomita 60 hivi kwa njia ya ndege, hupaka mbingu ya kusini na mashariki, na kila mwaka hupanda juu zaidi kadiri nyumba zinavyojengwa Bunju, Mapinga na Kerege. Mji wa Unguja nao huonekana kaskazini na mashariki, chini baharini. Mwenye kutazama Kilimia kikiwa juu upande wa kaskazini huwa ameupa mgongo mwanga ulio mkubwa, na hiyo ni neema. Mtu akaaye katikati ya jiji hubahatika kuona nyota nne au tano. Wapo watoto wengi huko wasiopata kuona Kilimia hata siku moja, ingawa jina lake wamelisikia kwa babu zao. Picha mbili za kamera moja na muda mmoja, moja ya mjini na moja ya ufuo wa Bagamoyo au Saadani, hudhihirisha hasara hiyo kuliko maneno.

Usiku wa giza ni usiku wa mwezi mchanga, na usiku wa mwezi mchanga ni usiku wa bamvua. Wavuvi wajua ya kwamba bamvua hupwa karibu saa nne ya usiku, na hujaa karibu saa kumi. Mpiga picha aliyeweka vyombo vyake saa nne juu ya mchanga mpana, akasema bahari iko mbali, aweza kukuta baada ya saa chache maji yanamlamba miguu. Na atie mti mchangani mahali pa mstari wa mwani mkavu, asishuke chini yake. Upepo wa kaskazi hubeba chumvi, kwa hiyo lenzi ifunikwe kila isipotumika, na ipanguswe kwa kitambaa laini baada ya kupuliziwa mchanga, wala isipanguswe kabla, maana chembe moja ya mchanga hukwaruza kioo. Vuli likisha pita na masika hayajaanza, yaani Januari na Februari, ndizo nyakati zenye mbingu safi zaidi jioni. Watoto wasiende peke yao.

Kila picha iandikwe siku, saa, mahali, lenzi, na hesabu ya sekunde. Picha isiyoandikwa, baada ya mwaka haina faida. Kisha iwekwe karibu na ule mchoro uliofanywa kwa jicho tupu. Mchoraji ataona kama ile nyota ya saba aliyoing'ang'ania ilikuwako kweli.

Na Kilimia kikisha zama mwezi wa Mei, ubao haulazwi ghalani. Mwezi wa Julai, karibu saa nne ya usiku, liko kundi jingine juu upande wa kusini, kando ya mkia wa Nge, ambalo huonekana kwa jicho tupu kama kipande kidogo cha ukungu. Ptolemayo wa Misri alilitaja katika karne ya pili. Bagamoyo hupanda ngumi sita juu ya ukingo, sawa na Kilimia. Huko Ulaya kaskazini, penye darubini nyingi, halichomozi kabisa.